Asili ya Waisraeli wa Kale na Jina la Mungu wao katika Kiswahili: Uhakiki

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulitazama suala moja lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni wa historia: Waisraeli wa kale walikuwa nani, walitoka wapi, na dini yao ilikuaje? Upande wa pili ni wa lugha: msomaji wa Kiswahili anapolisoma Agano la Kale katika tafsiri tulizo nazo, anaonyeshwa kiasi gani cha historia hiyo, na anafichwa kiasi gani? Pande hizi aghalabu hushughulikiwa na watu mbalimbali. Wanatheolojia huushika wa kwanza, na wanaisimu wakaachiwa wa pili. Rai yetu ni kwamba haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi mintarafu ya asili ya Waisraeli ni ushahidi wa lugha na wa fasihi: majina ya watu, majina ya miungu, nyimbo za kale, na nasaba.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu vipi idara ya lugha za Kiafrika. Linaihusu kwa sababu mbili. Kwanza, Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka huo huo, na tangu hapo tafsiri za Biblia zimekuwa miongoni mwa matini ndefu kuliko zote za nathari ya Kiswahili. Zimeathiri namna tunavyoandika, na yatupasa kuzihakiki kama tunavyozihakiki matini nyingine. Pili, nadharia za asili zilizojengwa juu ya kitabu hicho cha Mwanzo zilitumiwa kutueleza sisi wenyewe na lugha zetu. Wengi wetu tuliosomea ng'ambo tulifundishwa nadharia hizo pamoja na kuporomoka kwake. Lakini tulipoitazama misingi yake tulikuta kwamba ilikuwa imejengwa juu ya usomaji mbaya wa hekaya.

Yafaa kusema mapema kwamba si kazi ya makala haya kumthibitishia mtu imani yake wala kumvunjia. Tunayoyachunguza ni matini na tafsiri yake.

2. Hekaya ya asili na ushahidi wa ardhi

Hekaya yenyewe inajulikana. Ibrahimu anatoka Mesopotamia, wajukuu zake wanashuka Misri kwa sababu ya njaa, wanafanywa watumwa, Musa anawatoa, wanazunguka nyikani miaka arobaini, kisha Yoshua anawavusha Yordani nao wanaitwaa Kanaani kwa upanga. Katika masimulizi haya Waisraeli ni wageni kabisa katika nchi wanayoimiliki. Wanakuja kutoka nje wakiwa na nasaba yao, sheria yao na Mungu wao, na wenyeji wanaondolewa ili kuwapisha.

Ushahidi wa nje ya Biblia ni haba lakini una uzito. Mwaka 1896 Flinders Petrie alikuta huko Thebes, nchini Misri, jiwe la Farao Merneptah ambalo hukadiriwa kuwa la mwaka 1208 K.K. hivi. Katika kujigamba kwake Farao anayataja mahali kadhaa pa Kanaani alipopashinda, kisha anaitaja Israeli na kudai kwamba mbegu yake imekwisha. Jambo la kumvutia mwanaisimu ni alama iliyowekwa pembeni mwa jina hilo. Waandishi wa Kimisri walikuwa na desturi ya kuongeza alama ya kuonyesha aina ya kitu kinachotajwa. Ashkeloni, Gezeri na Yanoamu zimepewa alama ya mahali. Israeli imepewa alama ya watu. Kwa hiyo yapata mwaka huo palikuwako Kanaani jamii iliyoitwa Israeli, lakini mwandishi wa Farao hakuihesabu kuwa ni mji wala dola.

Kuhusu kuitwaa nchi kwa upanga, wachimbuzi wa mambo ya kale wametupa jibu lisilo la upande mmoja. John Garstang, aliyechimba Yeriko miaka ya 1930, alidhani ameziona kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua. Kathleen Kenyon alichimba tena kati ya 1952 na 1958, akaonyesha kwamba kuta hizo zilikuwa za zama za mbali zaidi, na kwamba mji wa Yeriko ulikuwa umeharibiwa yapata 1550 K.K., yaani zaidi ya karne tatu kabla ya wakati ambao kwa kawaida Yoshua huwekwa. Mji wa Ai, ambao jina lake lenyewe huelezwa kuwa na maana ya magofu, ulikuwa mahame kwa zaidi ya miaka elfu moja hadi karibu na 1200 K.K. Kwa upande mwingine, Hazori uliteketezwa kweli kwa moto katika karne ya 13 K.K., ingawa majivu hayatuambii ni nani aliyewasha moto huo.

Wataalamu wamejaribu kulijaza pengo hili kwa nadharia kadhaa. Albrecht Alt, mwaka 1925, alidai kwamba Waisraeli waliingia polepole wakiwa wafugaji waliokuwa wakitafuta malisho. William Albright na wanafunzi wake waliitetea hekaya ya vita. George Mendenhall, mwaka 1962, alikuja na rai tofauti kabisa: kwamba Waisraeli wengi hawakuingia kutoka popote, bali walikuwa wakulima wa Kanaani walioyaasi madola ya miji yao. Norman Gottwald aliipanua rai hiyo mwaka 1979. Wakati nadharia hizi zilipokuwa zikishindana, wachunguzi walikuwa wakitembea vilimani. Upimaji uliofanywa baada ya 1967 katika nchi ya milima baina ya bonde la Yezreeli na jangwa la Negebu ulionyesha vijiji vidogo zaidi ya mia mbili vilivyochipuka kwa ghafla baada ya 1200 K.K., mahali ambapo hapo awali palikuwa na wakazi wachache sana. Watu wa vijiji hivyo walikata matuta, wakachimba mabirika ya kuhifadhi maji ya mvua, wakatumia mitungi mikubwa ya nafaka. Hapakuwa na majumba ya kifalme wala mahekalu makubwa. Vyombo vyao vya udongo vimefuata mtindo wa Kanaani wa zama zilizotangulia. Mifupa ya nguruwe ni nadra sana, tofauti na miji mikubwa ya Wafilisti pwani, ingawa uchunguzi wa karibuni umeonyesha kwamba ufugaji wa nguruwe ulikuwa haba pia kwa majirani wengine wasiokuwa Waisraeli.

Kwa muhtasari, wanaokubaliwa na wataalamu wengi leo kuwa ndio Waisraeli wa mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Kanaani wenyewe, waliojitenga na jirani zao polepole.

3. Hekaya si uongo

Hapa ndipo wahakiki wengi wanapojikwaa. Msomaji wa aina ya kwanza husema: ikiwa kuta za Yeriko hazikuanguka, basi wachimbuzi wamekosea. Msomaji wa aina ya pili husema: ikiwa hazikuanguka, basi hekaya yote ni uongo. Wote wawili wameafikiana katika kosa moja, nalo ni kudhani kwamba hekaya ya asili ni ripoti ya matukio ambayo thamani yake ni kuwa sahihi au kutokuwa sahihi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hapaswi kulifanya kosa hilo. Hermann Gunkel alikwisha kuonya katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo mwaka 1901 kwamba visa vyake vilisimuliwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, na kwamba wahusika wake mara nyingi ni makabila yaliyovikwa sura ya mtu.

Nasaba ni mfano mzuri. Tumezoea kusikia kwamba Waisraeli walikuwa makabila kumi na mawili, wana wa Yakobo. Lakini wimbo wa Debora katika kitabu cha Waamuzi, ambao kwa lugha yake unahesabiwa na wataalamu wengi kuwa miongoni mwa tungo kongwe kabisa za Biblia, unataja makundi kumi tu, yaliyokuja vitani na yaliyokaa nyumbani. Yuda hayumo, Simeoni hayumo, wala Lawi. Badala ya Manase kuna Makiri, na badala ya Gadi kuna Gileadi. Bila shaka mtunzi hakumsahau Yuda kwa uzembe. Yaelekea katika zama zake Yuda hakuwa bado mmoja wa hao ndugu. Orodha ya ndugu kumi na wawili ni kazi ya baadaye, nayo iliwafanya watu waliokuwa na mapatano ya kisiasa kuwa watoto wa baba mmoja. Hivi ndivyo nasaba zinavyofanya kazi mahali pengi: mapatano yanapodumu hugeuka kuwa damu.

Hata hivyo katika hekaya ya kutoka Misri kuna mambo ambayo msimulizi asingeyabuni kwa urahisi. Jina la Musa ni la Kimisri, lenye shina lile lile linaloonekana katika majina ya mafarao kama Thutmose, lenye maana ya kuzaliwa. Finehasi, jina la mjukuu wa Haruni, nalo ni la Kimisri, na maana yake ni Mnubi. Majina haya yamekusanyika zaidi katika ukoo wa Walawi. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wanaona kwamba huenda kundi dogo lilitoka Misri kweli, likaja na kisa chake, na kisa hicho kikapokewa na wote kuwa chao. Wengi waliokiri kwamba walikuwa watumwa Misri, basi, walikuwa wajukuu wa watu ambao hawakuwahi kuvuka bahari yoyote.

Msomaji wa pwani yetu ataitambua hali hii bila ya taabu. Tarikh ya Kilwa inasimulia juu ya sultani wa Shirazi na wanawe waliokuja kwa merikebu saba. Kwa muda mrefu kisa hicho kilichukuliwa kuwa historia ya Waswahili wote. Baadaye Nurse na Spear, mwaka 1985, walionyesha kwa ushahidi wa isimu kwamba lugha ya Kiswahili na jamii iliyoizungumza vilikulia hapa hapa Afrika ya Mashariki. Baadhi ya watu wakahitimisha kwamba Shirazi ni ndoto tupu. Kisha mwaka 2023 uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya pwani ukaonyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 B.K. palikuwa kweli na mchanganyiko wa damu ya wanaume wa Uajemi na wanawake wa Kiafrika katika familia zilizochunguzwa. Kisa cha wachache kilikuwa kimekuwa kisa cha wengi. Hakikuwa ripoti, wala hakikuwa uzushi. Vivyo hivyo kwa Waisraeli.

4. Lugha ya Kanaani

Hoja ya isimu inaliweka jambo hili wazi zaidi. Kiebrania ni tawi la lugha za Kanaani, pamoja na Kifoinike na Kimoabu. Isaya mwenyewe, anapotaja lugha ya watu wake, huiita lugha ya Kanaani. Jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, lililogunduliwa Dhiban mwaka 1868 na ambalo ni la katikati ya karne ya 9 K.K., limeandikwa kwa lugha ambayo msomaji wa Kiebrania anaielewa bila ya mkalimani. Fauka ya hayo, dini iliyomo katika jiwe hilo inafanana na ile ya vitabu vya Samweli na Wafalme kwa namna ya kushangaza. Mungu wa Moabu, Kemoshi, anaikasirikia nchi yake, kwa hiyo inaonewa na adui. Kisha anamrudia mfalme wake na kumwamuru aende vitani. Na mji unaotekwa unawekwa wakfu kwa kuuawa watu wake wote. Mtu angeweka jina la Yahwe mahali pa Kemoshi asingeona tofauti kubwa.

Mwaka 1929 Claude Schaeffer alianza kuchimba Ras Shamra, pwani ya Syria, mahali palipokuwa na mji wa kale wa Ugariti. Mabamba ya udongo yaliyopatikana huko yameibadilisha taaluma hii. Yana tungo ndefu juu ya Eli, mungu mkuu mwenye umri na hekima. Mwenzake wa kike Athirati, ambaye Kiebrania humwita Ashera. Na Baali, mpanda mawingu, anayepigana na bahari na kumwua joka la kujipinda lenye vichwa saba. Joka hilo hilo, kwa jina karibu lile lile, limo katika Isaya, Ayubu na Zaburi, ila huko anayeliua ni Yahwe. Na si maudhui tu. Fani ni moja: mshororo wa pili unaourudia wa kwanza kwa maneno mengine, na jozi za maneno zilizokwisha kuzoeleka, hivi kwamba msikilizaji akilisikia la kwanza hulitazamia la pili. Mtunzi wa Zaburi alirithi ghala ya ufundi kama malenga wetu alivyorithi vina na mizani, na aliyemrithisha ni Mkanaani.

5. Mungu wa Waisraeli na majina yake

Sasa tulifikie suala la dini. Jina Israeli lenyewe lina Eli ndani yake, halina Yahwe. Kitabu cha Mwanzo kinasema Yakobo alijenga madhabahu akaiita kwa jina la Eli, Mungu wa Israeli. Katika kitabu cha Kutoka Mungu mwenyewe anamwambia Musa kwamba baba zake walimjua kwa jina la Eli Shadai, na kwamba kwa jina la Yahwe hakuwajulisha. Mwandishi wa maneno haya alitambua kwamba majina mawili yalihitaji kupatanishwa.

Yahwe alitoka wapi? Tungo kongwe humleta kutoka kusini: Seiri, Temani, Parani. Jambo hili linaafikiana na orodha moja iliyochongwa katika hekalu la Farao Amenhotep III huko Soleb, katika nchi ya Nubia ambayo leo ni Sudan, ya karne ya 14 K.K. Humo imetajwa nchi ya wahamaji wa Shasu iitwayo kwa jina ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa ndilo la Yahwe. Ikiwa wanasoma sawasawa, basi maandishi ya kwanza ya jina hilo tuliyo nayo yamo katika jiwe la Afrika.

Kwamba Eli na Yahwe hapo mwanzo walikuwa wawili kunaonekana katika matini moja ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 32. Huko Aliye Juu anayagawa mataifa, na sehemu ya Yahwe ni Yakobo. Matini ya Kiebrania ya Wamasoreti inasema mipaka iliwekwa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Lakini kipande cha hati kilichopatikana katika mapango ya Bahari ya Chumvi kinasema wana wa Mungu, na tafsiri ya kale ya Kiyunani inakielekea hicho. Maana ya zamani yaelekea ilikuwa kwamba Aliye Juu aliwagawia wanawe mataifa, kila mmoja lake, na Yahwe akapata Israeli. Mnakili fulani aliona hatari iliyomo, akabadilisha neno moja. Union Version ya 1952 imeifuata matini ya Wamasoreti, na msomaji wetu hana dalili yoyote ya kwamba pana neno jingine.

Mambo ya ibada nayo yanatoa ushahidi wa namna hiyo. Huko Kuntillet Ajrud, kaskazini mashariki ya Sinai, uchimbaji wa 1975 na 1976 ulitoa mitungi ya yapata 800 K.K. yenye maandishi ya kumbariki mtu kwa Yahwe wa Samaria, na kwa Yahwe wa Temani, pamoja na Ashera wake. Wataalamu hubishana kama Ashera hapo ni mungu wa kike au ni nguzo ya ibada iliyoitwa kwa jina lake, lakini kwa vyovyote amesimama pamoja na Yahwe, si dhidi yake. Mamia ya sanamu ndogo za udongo za wanawake zimepatikana katika nyumba za Yuda. Kitabu cha Wafalme kinakiri kwamba Ashera alikuwamo ndani ya hekalu la Yerusalemu hadi Mfalme Yosia alipomwondoa, yapata 622 K.K. Hata baada ya hapo, askari wa Kiyahudi waliokaa kisiwa cha Elephantine katika mto Nili, karibu na Aswan, walikuwa na hekalu lao la Yahu. Na orodha ya michango yao ya yapata 400 K.K. inayo pamoja na Yahu majina mengine mawili ya kimungu. Yaelekea hawakujiona kuwa waasi. Katika barua yao ya 407 K.K. walimwomba liwali wa Yuda awasaidie kulijenga upya hekalu lililobomolewa, kama watu wa dini moja wanavyoombana msaada.

Imani ya Mungu mmoja asiye na mwingine yeyote ilipata maneno yake kamili wakati wa uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 K.K., hasa katika sura za 40 hadi 55 za Isaya. Iliundwa na watu waliokwisha kupoteza mfalme, hekalu na nchi. Anayedhani kwamba imani hiyo ilishuka ikiwa kamili siku ya kwanza anapunguza thamani ya kazi waliyoifanya watu hao.

6. Bwana na Baali

Haya yote yamefichika kwa kiasi gani katika Kiswahili? Tuanze na neno Mungu. Ni neno la Kibantu lenye ndugu zake kama Mulungu, na lilikwisha kutumiwa na Waislamu wa pwani kabla ya kuja kwa wamishenari. Wafasiri walifanya vyema kulichagua. Lakini Kiebrania elohimu kina umbo la wingi, na mara kitendo chake huwa cha umoja, mara cha wingi. Wala Kiebrania hakina herufi kubwa. Katika Zaburi ya 82 neno hilo hilo limetumiwa mara mbili katika sentensi moja: kwanza la mmoja asimamaye barazani, kisha la wale anaowahukumu. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri aandike Mungu mara ya kwanza na miungu mara ya pili. Kisarufi hana njia nyingine, lakini baraza lote la mbinguni ambalo mshairi wa Ugariti angelitambua mara moja limegawanyika kuwa vitu viwili visivyohusiana.

Jina Yahwe lina tatizo kubwa zaidi. Wayahudi walipoacha kulitamka walisoma Adonai, yaani Bwana wangu. Wayunani wakaandika Kyrios. Na Union Version ikaandika BWANA kwa herufi kubwa, ila mahali pachache, kama katika Kutoka sura ya 6, ambapo haikuepuka kuandika Yehova. Herufi kubwa huonwa na msomaji. Hazisikiki kwa msikilizaji. Katika nchi ambayo Biblia husomwa kwa sauti mbele ya watu, tofauti baina ya BWANA na bwana huishia kwenye karatasi. Biblia Habari Njema imejaribu njia nyingine kwa kuandika Mwenyezi-Mungu. Njia hiyo inasikika vizuri, lakini imelifanya jina la pekee kuwa sifa, na sifa yenyewe inakaribiana mno na ile ambayo tafsiri ya kwanza iliitumia kwa Eli Shadai. Hivyo majina mawili ambayo kitabu cha Kutoka kilitaka kuyapatanisha yameonekana kuwa karibu jina moja tangu mwanzo, na upatanisho hauna cha kupatanisha.

Lakini jambo la kushangaza zaidi ni neno bwana lenyewe. Katika Kiswahili bwana ni mkubwa mwenye kutii­wa. Ni mwenye mali au mwenye watumwa. Na ni mume wa mke. Kiebrania kina neno moja lenye maana hizo zote tatu, nalo ni baali. Mwenye nyumba ni baali wa nyumba, na mume ni baali wa mke. Mungu wa mvua wa Kanaani aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa Bwana. Kwa maneno mengine, neno la Kiswahili lililochaguliwa kwa ajili ya Yahwe ndilo neno ambalo, kama tungetafsiri kila jina, lingemfaa zaidi mshindani wake.

Je, hili ni kosa la wafasiri? Majina ya Kiebrania yanatuzuia kuhukumu haraka. Sauli, ambaye mwanawe mmoja aliitwa Yonathani, yaani Yahwe ametoa, alimwita mwingine Eshbaali. Daudi naye alikuwa na mwana aliyeitwa Beeliada. Kati ya mashujaa wa Daudi kuna Bealia, jina ambalo maana yake ni kwamba Yahwe ndiye Baali. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo Yahwe mwenyewe aliitwa Baali bila ya mtu kuona ubaya. Baadaye waandishi waliona haya. Mambo ya Nyakati yameyahifadhi majina ya zamani, lakini katika vitabu vya Samweli Eshbaali amegeuzwa kuwa Ishboshethi, na sehemu ya mwisho ya jina hilo ni neno la Kiebrania lenye maana ya aibu. Beeliada naye amekuwa Eliada. Nabii Hosea, katika karne ya 8 K.K., ameyaeleza mageuzi haya kwa mfano wa ndoa: siku inakuja ambapo mke atamwita mumewe kwa neno la upendo, wala hatamwita tena baali. Mahubiri yote ya Hosea yamesimama juu ya maneno mawili ya Kiebrania ya mume. Kiswahili kinayo maneno mawili hayo hayo, mume na bwana, na kila mwanamke wa Kiswahili anaijua tofauti yake. Ni lugha chache zinazoweza kuubeba mzaha huu wenye uchungu kwa usawa kama lugha yetu. Lakini kwa kuwa Bwana limekwisha kuwa jina la Mungu katika Biblia nzima, mfasiri akifika kwa Hosea hawezi kumfanya Mungu alikatae neno Bwana. Mlango umefungwa na mfasiri mwenyewe, kurasa mia kadhaa kabla.

Mfano mdogo utoshe kukamilisha. Bahari waliyoivuka Waisraeli imeitwa katika Kiswahili Bahari ya Shamu, kwa kufuata desturi iliyoanzia katika tafsiri ya Kiyunani. Kiebrania husema bahari ya sufu, na sufu ni matete: ndilo neno linalotumika pale mama yake Musa alipokiweka kisafina kando ya mto. Msimulizi amemtoa Musa katika matete akiwa mtoto, akawapitisha watu wake katika matete alipokuwa mzee. Mwangwi huo haumo katika Kiswahili.

7. Siasa ya asili

Tulisema mwanzoni kwamba jambo hili linatuhusu. Katika Mwanzo sura ya 9 Nuhu anatoa laana. Imezoeleka kuitwa laana ya Hamu, na ilitumiwa kwa karne nyingi kuhalalisha utumwa wa Waafrika. Lakini katika matini anayelaaniwa ni Kanaani, si Hamu. Sababu si ngumu kuiona. Msimulizi hakuwa akiifikiria Afrika hata kidogo; alikuwa akimfikiria jirani yake. Sura inayofuata inamweka Kanaani pamoja na Misri na Kushi, mbali na Shemu baba wa Waebrania. Isimu inasema kinyume: aliye karibu zaidi na Mwebrania ni Mkanaani. Nasaba imemtupa mbali ndugu wa karibu kwa sababu ndiye hasa ambaye msimulizi alitaka kujitenga naye.

Wataalamu wa Ulaya walizichukua nasaba hizi wakazifanya uainishaji. Tangu karne ya 18 lugha za jamaa ya Kiebrania zimeitwa kwa jina la Shemu, ingawa kwa mujibu wa Mwanzo lugha ya Kanaani ingekuwa ya Hamu. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani, alichapisha kitabu kikubwa akidai kwamba Wamasai wana asili moja na Waisraeli wa kale, ijapokuwa lugha yao ni ya Kiniloti. Mwaka 1930 Seligman akaeneza nadharia kwamba kila jambo la maana katika Afrika lililetwa na Wahamu kutoka nje. Joseph Greenberg aliubomoa msingi wa kiisimu wa dai hilo kwa uainishaji wake wa 1963, lakini tabia ya fikra iliyolizaa haijafa. Ni tabia ya kuamini kwamba watu wenye heshima lazima wawe wametoka mbali. Waisraeli walijisimulia hivyo, na walikuwa na sababu zao. Wageni walipotusimulia sisi hivyo walikuwa na sababu nyingine.

8. Hitimisho

Kutokana na tuliyoyaeleza tungependa kupendekeza mambo mawili. La kwanza, pana haja ya tafsiri ya Agano la Kale kwa ajili ya masomo, mbali na ile ya ibada, itakayoyaacha majina Eli, Eli Elioni, Shadai, Yahwe na Baali kama yalivyo, itakayoonyesha pembeni mahali ambapo hati zinatofautiana, na itakayompa Hosea maneno yake mawili. Anayeswali hatanyang'anywa Bwana wake; neno hilo limekwisha kukaa katika nyoyo za watu na halina haja ya kuondolewa. Lakini mwanafunzi wa lugha anastahili kuyaona yaliyo chini yake.

La pili, hekaya za asili za Waisraeli zifundishwe katika somo letu la fasihi simulizi, bega kwa bega na Tarikh ya Kilwa na masimulizi ya Shungwaya, kwa vigezo vile vile. Hadi leo hizi za kwetu huchambuliwa kama ngano, na zile huachwa kando ama kwa heshima ama kwa woga. Swali la kuziuliza zote ni moja: msimulizi anajitenga na nani, na kwa nini? Mwanafunzi akikwisha kulizoea swali hilo mbele ya Ibrahimu na Yoshua, hataogopa kulirudia atakapoambiwa tena na mtu yeyote kwamba lugha yake, au mji wa babu zake, uliletwa na merikebu.